Dalali Asiye na Mlango

Mtu akitafuta chumba Musoma aliambiwa, "Mtafute Muharami." Nyumba za Kigera na viwanja vya Buhare alivijua kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake. Ila kazi hiyo miaka ya nyuma aliifanya kwa kunong'ona. Ukisema wewe ni dalali, watu walisikia mlanguzi, na mlanguzi alikuwa mtu wa kukamatwa. Sasa biashara zimefunguliwa, sabuni imerudi madukani, naye Muharami akasema: hata mimi nitafanya kazi yangu mchana, kwa leseni.

Akaenda na barua ya balozi wake wa nyumba kumi. Bwana Kasmiri, afisa biashara, akaisoma akaridhika.

"Ofisi yako iko wapi?"

"Mzee, ofisi yangu mimi ni miguu."

"Miguu siipi leseni. Leseni inatundikwa ukutani. Tafuta chumba, Ijumaa nakuja kukiona. Kama hakuna, basi tena."

Kinyozi hajinyoi. Muharami aliyewapangisha wenzake mji mzima, mwenyewe alilala kwa shemeji yake. Vyumba vya barabarani vyote vilikuwa na watu, na ni yeye aliyewaweka. Kilibaki kimoja tu, cha mama Dafroza pale Kigera, na kwa mama huyo hakuwa na uso wa kwenda. Akaenda hivyo hivyo.

Alimkuta anaanua dagaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umemleta nani, umwambie bati langu linavuja?"

"Leo nimejileta mwenyewe."

Mama Dafroza akaweka ungo chini, akacheka mpaka akashika kiuno. "Haya! Nionyeshe chumba changu kama unavyowaonyeshaga wengine."

Muharami akasogea mlangoni. Siku hiyo kusifu kungemfaa sana, lakini ulimi ulikataa.

"Chumba kina hewa, na mlango unatazama barabara. Lakini mvua ikija na upepo wa ziwani, kona ile inalowa. Na mashine ya kusaga hapo nyuma haikuachi umsikie mgeni wako."

"Hata ukiwa na shida wewe?"

"Ndivyo kilivyo, mama."

"Na utakichukua?"

"Nitakichukua."

Mama akamtazama sana. "Ingia basi. Hilo bati utaliziba mwenyewe, maana ndiwe unayelisemaga."

Ijumaa Bwana Kasmiri akafika. Akaona meza, akaona benchi, paa limezibwa kwa lami. Akamgeukia mwenye nyumba.

"Mama, huyu mtu ni mwaminifu?"

"Mwaminifu? Ametutesa! Uaminifu wake umeniachia chumba kitupu masika mawili. Kila mpangaji anayemletaga anamwambia mabaya yote, mtu anakimbia. Mpe tu hiyo leseni, baba, labda akiwa mkubwa atajifunza kudanganya kidogo."

Bwana Kasmiri alicheka mpaka machozi, akamwambia Muharami Jumatatu aje achukue leseni yake.

Ilipotundikwa, Muharami alifungua mlango wote, akakaa. Akapita mtu wa Bunda aliyetafuta kiwanja, akasimama kizingitini.

"Samahani, dalali ni nani hapa?"

Zamani swali hilo lingemfanya ageuke kwanza aone nani yuko nyuma yake. Safari hii alisimama, akanyoosha kanzu.

"Ni mimi, Muharami," akasema, na waliopita barabarani wakasikia. "Karibu ndani."