Ngozi Ndani ya Chuma

Mwaka 1967 serikali iliwakusanya Kaltun na jamaa zake wafugaji katika kijiji kilichozungushiwa miiba, nje kidogo ya Garissa, ili wasiwasaidie waasi. Visima vyao vya zamani vilibaki upande uliokatazwa kukanyagwa. Maji yote yalitoka kwenye pampu moja ya mkono, na Muriuki, fundi wa kutoka Nyeri aliyeitunza, alikuwa akiondoka Ijumaa na msafara wa jeshi. Asipopatikana mtu wa kumwachia spana, pampu ingeng'olewa, na watu wangebaki kungojea lori la maji, siku lipatapo walinzi.

Kaltun alijitokeza. Alikuwa mjane, na maisha yake yote alishona ndoo za ngozi za kuchotea visimani.

"Umeacha ngamia, sasa unakamua chuma?" shemeji yake, mzee Bare, alimtania.

"Ngamia wenyewe wako wapi, Bare?"

Muriuki alimtajia majina: silinda, pistoni, vali. Asubuhi Kaltun aliyarudia yote; jioni yalikuwa yamemtoka. Fundi akaanza kukata tamaa.

Kisha ikatolewa amri ya kutotoka nje. Pampu ilikaa siku tatu bila kuguswa, na Jumatano ilipojaribiwa ilitoa hewa tupu. Muriuki aliifungua, akapanga vyuma juu ya gunia. Katikati ya vyuma Kaltun aliona duara la ngozi la pistoni, limekakamaa. Alilichukua, akalikunja, akalinusa.

"Fundi, hii ngozi nakufa kiu," alisema kwa Kiswahili chake cha dukani.

Ndoo iliyoachwa juani huvuja vivyo hivyo. Hilo alilijua tangu utotoni. Basi pistoni ilikuwa ndoo. Chuma kirefu kilichoivuta kilikuwa kamba. Na vali?

"Mkono," alisema taratibu. "Naziba mdomo ya kiriba, maji isirudi."

Muriuki alimtazama, kisha akaweka mikono yake nyuma. Kaltun alikata duara jipya la ngozi ya ngamia, akaliloweka, akalipaka mafuta ya mkia wa kondoo kama alivyofundishwa na mama yake. Vyuma vyote akavirudisha mwenyewe.

Alhamisi ofisa wa serikali alikuja kukagua kama pampu ibaki. Pampu ilikohoa mara mbili, kisha maji yakaruka. Bare akawahi kukinga viganja.

"Wallahi, mmetuchinjia kondoo!"

Watu wakaangua kicheko. Juu ya maji yalielea macho ya mafuta.

"Kesho upake nusu," Muriuki alinong'ona.

"Nusu," Kaltun alikubali.

Ofisa hakucheka. Alielekeza fimbo yake kwenye silinda. "Kinachopanda na kushuka humo ndani kinaitwaje?"

"Wewe naita bistoni. Mimi naita ndoo. Kama nakauka, mimi najua dawa yake."

Ijumaa lori la msafara liliondoka bila pampu. Muriuki alipunga mkono hadi vumbi likamfunika. Kaltun hakuona, alikuwa ameinama, spana imechomekwa kiunoni, akiloweka duara la pili, la akiba.