Merina Aliyegoma Kupimwa Tena

Merina alipomaliza dozi ya kifua kikuu, miezi sita bila kuruka hata siku moja, alirudi kwenye banda letu la kubanikia migebuka hapa Ilagala akakuta uchanja wake wa kukaushia samaki umeondolewa. Mwenyekiti wetu, Dunia, alimwambia asubiri kwanza. Sisi wengine tukainamia samaki wetu. Mimi Marcelina nilikuwa mmoja wao, na sitajisafisha hapa.

Sharti lilikuwa moja: akapimwe tena kwa ile mashine mpya ya kituo cha afya, inayosoma vinasaba vya vijidudu na kutoa jibu kwa muda wa saa mbili. Ndiyo iliyomkamata, basi ndiyo imwachie. Alikuwa amekwisha kupimwa kwa darubini akaonekana safi, lakini sisi darubini tuliiona kitu cha zamani.

Merina akagoma. Bila banda hana kazi, na ana watoto watatu wa kulisha, lakini aligoma. Tukasema ana la kuficha.

Siku ya tatu akaja na mtaalamu wa maabara, Telesphory. Huyo alitueleza kwa upole kwamba mashine ile hutambua kijidudu bila kujua kama kiko hai au kimekufa, na aliyepona anaweza kubaki na mabaki kifuani kwa muda mrefu. Hatukuelewa. Merina akazoa magamba sakafuni, akayamwaga mbele ya Dunia.

“Hapa pana samaki?”

Dunia akasema hapana, ni magamba tu.

“Mashine ikiona haya itasema samaki yupo. Mimi nimemeza dawa mpaka nimepona. Nyie mmepimwa lini? Nilikohoa humu miezi mingapi, na nyie mlikuwa humu humu?”

Kusema kweli, nilimchukia. Sote tulikuwa tunakohoa, tukisema ni moshi wa kuni, na nani apeleke moshi hospitali? Lakini Telesphory alikuwa amebeba vikopo vya kupimia makohozi, na hakuna aliyetaka kuonekana mwoga. Tukatoka nje mmoja mmoja, upande wa ziwani, kukohoa. Merina alivikagua vikopo kabla havijafungwa. Aliyetema mate matupu alirudishwa akakohoe upya, Dunia akiwemo.

Merina hakungoja hata majibu. Alijenga uchanja mwingine katikati ya banda, akawasha moto, na aliyetaka kumtoa alikaribishwa ajaribu. Hakuna aliyejaribu.

Majibu yalikuja jioni ile ile. Vikopo kumi na viwili, kimoja kina ugonjwa. Kilikuwa changu.

Nikaanza dawa. Aliyejitolea kuja kila asubuhi kuhakikisha nimemeza ni Merina, na hakuja na maneno matamu. Wiki zilipopita, wahudumu wakaniambia siambukizi tena, naweza kurudi kazini. Nilipofika bandani nikakuta uchanja wangu uko nje, umeegemezwa ukutani. Dunia akaniambia nisubiri kwanza, wenzangu wakainamia samaki wao. Nikarudi nyumbani nikilia kwa hasira na aibu.

Kesho yake nilimwambia Merina kwamba nitakaa hapa hapa nyumbani mpaka waniite wenyewe.

Alinisubiri nimeze vidonge vyote, akachukua kikombe mkononi mwangu.

“Mimi mliniita?”