Kifundo cha Mkono wa Mama

Nikisikia harufu ya majani ya mikaratusi yakichemka, hata bei niliyokuwa nabishania inanitoka kichwani.

Nilikuwa mtoto; mimi na mama tulikuwa tumekimbia vita vya Beni, siku mbili kwa miguu hadi Butembo. Kifundo cha mkono wa mama kilivimba kama andazi. Koko, bibi mzee aliyetupokea, alikikanda kwa majani hayo ya moto.

"Ulianguka?"

"Hapana, koko."

"Mududu?"

"Hapana."

"Basi donc ni sombe. Unatwanganga sana hayo majani ya muhogo."

Jirani, dereva wa lori, akachungulia mlangoni. "Ni baridi ya Butembo hiyo."

"Tumefika jana tu, baba. Hata baridi haijatujua," mama akajibu, kisha sauti ikashuka. "Mukono huu ukikufa, batoto batakula nini?"

Nilihesabu sababu zao: nne. Nikarudia: nne. Mvuke ulipotawanyika nikaona alama ndogo upande wa ndani, nne pia. Nikaweka vidole vyangu juu yake. Vikaenea. Njia nzima nilining'inia hapo, nikiogopa kuachwa.

Mama aliniona. Akafunika vidole vyangu kwa mkono wake mzima.

"Ni kweli, koko," akasema. "Ni sombe."