Titani ya Védaste

Mwanangu, ipo siku moja ya mwaka 1991 ambayo haijanitoka kichwani hadi leo. Nilikuwa kijana wa shule ya ufundi hapa Kigali, na wivu ulikuwa umenijaa hadi kooni.

Mwalimu wetu wa karakana, Mzee Anastasi, alitaka msaidizi mmoja. Tulibaki wawili, mimi na Védaste, rafiki niliyekua naye Kimironko. Kwa jaribio la mwisho nilipewa kipande cha nondo ya kawaida. Védaste akapewa titani, ile inayochanganywa na madini mengine kuundia ndege, na hatukuwa na kipande kingine. Kwa nini yeye? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Siku ile kilichokuwa nguoni mwa Védaste ni mimi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unachora mstari wa chaki kwenye kipande, unakibana ncha zote mbili kwenye mashine, kisha unazungusha mpini mpaka kikatike, ukitazama jinsi mstari unavyojisokota. Mashine zilikuwa mbili, bega kwa bega. Nondo yangu ilisokotika kama kamba. Titani iligoma. Védaste alilowa jasho, na kila alipoulegeza mpini, titani ilijisokotoa ikarudi nyuma. Mara ta! Ikakatika, haijazunguka hata robo ya nondo yangu.

Nikacheka kwa sauti. Furaha gani ile, Mungu anisamehe!

Mzee akanigeukia. "Wewe unacheka nini? Nguvu yenye imekata titane, nondo yako haiwezi kubeba." Kisha akamuuliza Védaste ameona nini.

Védaste akaeleza kwamba titani hurudi nyuma ukiilegeza, na kwamba ilipata joto mahali pamoja tu, palepale ilipokatikia.

"Na wewe? Nondo yako imekatikia wapi?"

Nikageuka kutazama. Nondo ilikuwa imekatika zamani, sijui lini, nami nilikuwa bado nazungusha mpini mtupu.

"Mwana wanjye," Mzee akasema polepole, "macho yako iko kwa Védaste. Mashine yako inabaki na nani?"

Kazi akapewa Védaste. Nisikudanganye, hata sasa nikilisikia jina lake moyo unanichoma kidogo. Kuzeeka hakumalizi wivu, mwanangu. Lakini nimejifunza kuuacha ukae peke yake.

Basi nisikilize. Mwenzio akipewa kilicho bora kuliko chako, usijilazimishe kushangilia, wala usikae kumsubiri avunjikiwe. Usisafirie nyota ya mwenzio. Ona wivu ukikupata, useme moyoni mwako kwamba ni wivu, kisha urudishe macho kwenye kazi iliyo mikononi mwako, hata kama ni duni, kwa maana kazi hiyo hakuna mwingine wa kukutazamia.

Mungu akujalie fungu lako, mwanangu, na akupe macho ya kuliona.