Mota ya Cherehani ya Dada

Risasi ilimpata dada yangu mkubwa gotini tulipokuwa tukikimbia kutoka Kashuga. Tulipofika Kitshanga mguu wake wa kulia ulikuwa haukunjiki tena, naye alikuwa fundi cherehani. Pedali ilimshinda. Watu wakamshauri auze mashine. Mume wake akamwambia kwa upole kwamba vita ikiisha tutaona.

"Vita ikiisha nitakuwa muzee," dada akamjibu, kisha akanigeukia. "Mudogo wangu, ulisoma elektroniki. Nitafutie mota."

Nilikuwa nimesoma kweli. Kilichobaki katika masomo yale ni kompyuta moja niliyochapia watu wa sokoni barua pale nyumbani, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Nikapata mota ya kupangusia kioo kwenye lori lililokufa, pamoja na kadi ndogo ya kupokea maagizo ya kompyuta: dada abonyeze kitufe kwa kiwiko, mota ianze polepole, kisha iongeze mwendo.

Kwanza nilijaribu kwa kimota cha redio ya kaseti, nikakipa umeme wa kompyuta yenyewe. Kilizunguka vizuri. Nilipokibana kwa vidole nione nguvu yake, skrini ikawa nyeusi. Kompyuta iliwaka tena baadaye, lakini tundu nililochomekea waya wa kimota lilikufa moja kwa moja.

"Umeona?" shemeji akasema, akiishika kompyuta. "Hii mota njo itauwa ordinateri, na sisi tutakula nini? Wacha!"

"Siwachi, shemeji."

Sikuwa nikibisha bure. Kompyuta hutoa umeme kidogo tu, nayo mota ni mlafi, hasa inapoanza au inapokwama. Tena ukiizima, hurusha teke la umeme kurudi kule umeme ulikotoka. Kwa hiyo nikaitafutia mota batri yake ya pikipiki, na fyuzi juu yake. Katikati nikaweka transista, iwe kama mlango: kadi inafungua kidogo, batri ndiyo inayosukuma. Kwenye nyaya za mota nikafunga diyodi, teke liishie humo humo lisifike kwenye kadi wala kompyuta.

Siku ya kujaribu, milio ya bunduki ilianza kusikika mchana kutoka milimani. Mama jirani akachungulia mlangoni, godoro kichwani.

"Munafanya nini? Watu wanafunga mizigo!"

"Tunashona," dada akasema. "Washa."

Nikawasha. Cherehani ikanguruma, sindano ikala kitambaa. Shemeji alisimama mkono juu ya kompyuta kana kwamba angeweza kuizuia isife. Ndipo dada, bila kuniuliza, akakamata gurudumu la mashine kwa mikono miwili, akalishikilia. Mota ikakwama, ikatoa harufu, fyuzi ikakatika.

Skrini haikucheza hata kidogo.

"Sasa iko sawa," dada akasema. "Leta fyuzi ingine."

Hatukuondoka siku ile. Tulishona sare za shule za watoto wa kambi ya wakimbizi, mimi nikichapa barua upande wa pili wa meza hiyohiyo.

Baadaye akaingia askari, bunduki begani, akauliza ni nani aliyeturuhusu kuweka mitambo ndani ya nyumba. Dada hakuinua macho. Alimuuliza kama ana suruali iliyopasuka.

Alikuwa nayo. Akakaa kwenye benchi, akangoja zamu yake nyuma ya akina mama waliokuja kuchukua sare.