Muuzaji Aliyetaka Kuteremka Katikati ya Maji

Nikinunua trei ya mayai nayahesabu dukani, na nikifika kwangu Mpendae nayahesabu tena. Mtu wa namna hii hasimulii jambo asilokuwa na hakika nalo. Haya yamenifika mwenyewe, mchana wa jua kali, na sikuongeza wala sikupunguza.

Ilikuwa miaka ile simu za mkononi ndiyo kwanza zinaingia Unguja. Nilikuwa na kiboti cha faiba, nimekiweka Chukwani, si cha biashara, cha kustarehe tu: Jumapili nachukua chupa ya chai na mishipi, navua hadi alasiri. Nikaingiwa na hamu ya vitu viwili. GPS, ile ya kukwambia upo wapi baharini, na mashine ya kuonea samaki, yenye kioo kinachokuchorea kina cha maji na samaki waliopo chini ya boti.

Nikaenda duka moja la vifaa vya boti, Malindi. Nikauliza: kioo kinasomeka juani? Inakula betri ngapi? Maji ya chumvi yakiingia je? Na hii ya samaki inafika pima mia tatu, ya nini, na mimi navua kwenye pima ishirini? Mwenye duka akanijibu yote vizuri, kisha akataja bei.

"Sheikh," nikamwambia, "nimekuuliza bei ya kidude, sikukuuliza bei ya meli."

Nje ya mlango mtu akanisalimu. Wa makamo, kanzu safi, sauti ya upole. "Vyote viwili nnavyo," akasema. "Vimetumika lakini vizima." Akafungua mfuko wake. Kweli, vilikuwa vizuri kuliko vya dukani. Nikataja robo ya bei ya duka, nikajiweka tayari kwa ugomvi.

"Chukua," akasema.

Niamini, hapo ndipo iliponipasa niondoke. Nani Unguja hii anakubali bei ya kwanza? Lakini mimi nikawaza tu kwamba labda nimetaja pesa nyingi. Basi nikadai nyongeza, kama ilivyo desturi: zile alama alizoweka ndani ya GPS, sehemu zake za samaki, asizifute. Hizo ni mali kuliko mashine yenyewe. Mvuvi anaweza kukuoza bintiye, lakini mwamba anaovulia hakuoneshi.

Akatabasamu. "Zimo kumi na moja. Zote zako."

Nikazihesabu mara mbili. Kumi na moja. Nikamlipa pale pale asije akaghairi, nikamwomba tufuatane Chukwani anioneshe matumizi.

Tukaingia majini baada ya adhuhuri, mimi nyuma kwenye injini, yeye mbele. Boti yangu nyepesi. Mtu akikaa mbele, pua huinama. Huyu alikaa, na pua ikabaki juu kama nipo peke yangu. Nikajitia sikuona.

Alama ya kwanza, kioo kikajaa samaki hadi chini hakuonekani. "Hapa anavua nani?" nikauliza.

"Havui mtu. Hapa yupo mzee mmoja na mwanawe."

Nikacheka. Ya pili akasema, "Hapa mwanamke, alianguka kutoka chomboni." Ya tatu: "Huyu alikuwa na boti kama yako." Akanigeukia. "Samaki hawakusanyiki bure, bwana. Wanakula."

Nikatazama GPS: alama kumi na mbili. Nikahesabu tena. Kumi na mbili, na hiyo mpya ilikuwa pale pale tulipo. Kwenye kioo kingine samaki wote wametoweka. Umebaki mstari mmoja mnene, umesimama wima, unapanda. Pima kumi na nne. Kumi na moja. Nane.

Yeye akainuka, akakusanya kanzu yake kama mtu anayefika kwao. "Haya, biashara yetu imekwisha. Mimi nateremka hapa, tuachane." Akatoa mguu mmoja nje ya boti.

Marehemu baba yangu alikuwa na duka la vitambaa, na alitufunza tukiwa wadogo: katika sheria yetu, muuzaji na mnunuzi wana hiari ya kuvunja biashara maadamu hawajaachana. Na sisi, tangu Malindi, tulikuwa bado hatujaachana.

"Bwana!" nikapiga kelele. "Hatujaachana! Hiari yangu nnayo. Narejesha!"

Mguu ukasimama juu ya maji. "Unarejesha nini?"

"Vyote viwili, na alama zake zote."

Akaurudisha mguu ndani. "Nikupunguzie?"

Wallahi, ni mara moja tu maishani nimekataa kupunguziwa. "Hata bure sitaki."

Nikachomoa waya, nikampa vifaa vyake. Akanirudishia fedha zangu. Vidole vyake baridi kama samaki wa kwenye barafu. Kisha akateremka. Halikuruka hata tone.

Boti nikaiuza wiki ile ile, nikadhani yamekwisha. Baada ya wiki tatu akaja barazani kwangu Idrisa, jirani yangu, fundi wa friji, naye ana kiboti chake. Anacheka.

"Wewe ulihangaika madukani, mimi nimepata kwa robo bei! Na alama za samaki juu yake!"

Akanionesha. Vilikuwa vile vile. "Idrisa," nikasema, "huyo mtu mmeachana?"

"Nshamlipa, kila mtu kashika njia yake tangu juzi. Mbona umegeuka rangi?"

Nikamweleza yote. Nikamsihi avitupe. Nikataka kumpa mara tatu ya bei aliyonunulia, nipate kuvivunja kwa nyundo. Akanipiga begani. "Choyo hicho, jirani."

Jumapili akatoka. Boti ilionekana inaelea, injini nzima, petroli imo. Mwenyewe hadi leo hajaonekana.

Mimi sipandi chombo tena. Binti yangu alipoolewa Dar nilikwenda kwa ndege. Na mama yake Idrisa, Bi Zuwena, kila tukikutana huniuliza siku ile barazani tulizungumza nini na mwanawe. Humjibu: mambo ya injini tu.

Wewe unayetaka vifaa vya boti, nunua vipya, kioo kitupu kisicho na alama ya mtu, hata kama bei itakuliza. Na kama umeshakutana na yule bwana, mshike mkono sasa hivi, urejeshe angali mbele yako. Akishakupa mgongo, sina la kukusaidia.