Kovu la Bibi na Kamera ya Macho Mawili

Nina kamera tatu na hakuna hata moja iliyonunuliwa mpya. Ile ndogo ya kidijitali niliikuta kwenye mitumba hapa Tunduma, katikati ya viatu. Ya mkanda aliniachia mjomba, dereva wa malori, alipochoka kutafuta mahali pa kusafishia picha. Ya tatu ni boksi jeusi lenye macho mawili, moja juu ya jingine. Mkanda wake sijawahi kuuona ukiuzwa popote. Lakini ukifungua kifuniko cha juu unakuta kioo, na ndani yake watu wanatembea kabisa! Muuzaji aliniambia, "Chukua dada, mimi nilidhani ni taa ya gari."

Hilo boksi ndilo nalipenda zaidi, kwa sababu unalitazama ukiwa umeinama. Kwangu, kumtazama mtu usoni ni kazi. Nikiwa nalo, majirani zetu wa mtaani Chapwa wanadhani natafuta kitu tumboni kwangu, wanaendelea na mambo yao. Picha yenyewe naipiga kwa simu, nikiielekeza kwenye kile kioo.

Likizo nilikwenda nazo zote kijijini Ibaba, mimi na baba, kwa bibi mzaa baba. Shangazi alikuwa amejaza ukuta wa sebule ya bibi picha za ukoo, ukabaki msumari mmoja mtupu, wa bibi. Kila picha yake bibi aliikataa. Nikamwahidi shangazi kwamba mimi nitaweza. Sijui nilipata wapi huo ujasiri.

Nikaanza na ya kidijitali. Flashi ikawaka, bibi akakakamaa kama yuko kituo cha polisi. Akaitazama picha, akanirudishia: "Huyu si mimi." Ya mkanda tulishaijaribu likizo iliyopita, picha ikarudi nzuri kabisa, na jibu lilikuwa hilo hilo: si yeye.

"Sasa bibi, wewe ukoje?"

"Si unaniona hapa, mke mwenzangu? Huyo wako simjui."

Nililala nikijiuliza, mtu anawezaje kutoijua sura yake mwenyewe?

Kesho yake alikuwa anapukuchua mahindi uani, kajitanda kanga ya akina mama wa kanisani. Nikakaa mbele yake na boksi, nimeinama.

"Unatafuta chawa?" akauliza, kisha akacheka mpaka kovu la shavuni, aliloachiwa na pembe ya ng'ombe, likakunjika. Nikapiga.

Akaishika simu muda mrefu. Akagusa shavu lake, akagusa la kwenye picha. "Ee. Huyu ndiye mimi."

Baba alipoiona akaguna. "Mbona maandishi ya kanga yamekaa kinyumenyume? Igeuze hapo kwenye simu."

Kweli, kile kioo cha boksi hubadilisha kulia na kushoto, nami nilishazoea hata sioni tena. Nikaigeuza. Maandishi yakanyooka. Bibi akachungulia, akasonya. "Mmemrudisha yule mwingine!"

Nikabaki nageuza na kugeuza, kovu likiruka kutoka shavu hili hadi lile. Ndipo nikakumbuka kioo kidogo anachojifungia kilemba, kimetundikwa karibu na mlango. Nikamwomba asimame mbele yake, mimi nyuma yake. Mle ndani kovu lilikuwa upande uleule wa picha ya boksi. Basi! Miaka yote bibi anamjua bibi wa kwenye kioo. Zile kamera nyingine zilimwonyesha yule tunayemwona sisi.

Nikamweleza baba, ingawa sijazoea kumbishia.

"Watu watasema tumekosea," akasema.

"Kwani wanakuja kusoma nguo yangu?" bibi akamjibu. "Tundikeni."

Tulienda kuisafisha mjini Mlowo, ikatundikwa vilevile, kinyumenyume. Wageni wa kwanza walikuwa wanakwaya wa kanisani. Wakajipanga mbele ya ukuta, shingo upande, midomo ikichezacheza kuisoma ile kanga. Bibi akawasikia kutoka jikoni.

"Usoni, nyie! Tazameni usoni!"

Na mimi nikatazama, bila boksi.